Mke Wangu Alikwenda Ipogolo Kulala

Hapa Mbalizi bado wapo watu wanaosema mke wangu alinikimbia. Wengine wanasema nilimfukuza. Nimechoka kubishana nao. Mke wangu alikwenda kwa binti yetu, Ipogolo, kule bondeni chini ya mji wa Iringa, kwenda kulala. Kulala usingizi, basi. Alikuwa ameukosa kwa miaka mingi kwa sababu yangu, na siku anaondoka alisema neno moja tu, ameshika mfuko wake mlangoni: "Nitarudi siku nikisikia unapumua kama watu."

Sisi Wanyakyusa salamu yetu ya asubuhi inauliza kama umelala. Mugonile. Unaitikia, unapita, nani ana muda wa kufikiria anachoitikia. Mimi nimeitikia hivyo miaka na miaka kumbe sijalala, na mwenzangu hajalala, tunaitikia tu kama vinanda.

Tatizo langu lilikuwa kukoroma. Sasa kukoroma peke yake si jambo, baba yangu alikoroma mpaka mbuzi wakahama ukuta wa pili, na alikufa mzee sana kwa homa nyingine kabisa. Mimi nilikuwa nakoroma, halafu nanyamaza. Ule ukimya ndio ulikuwa shida. Mke wangu anasema nilikuwa nanyamaza kama redio iliyokatikiwa umeme. Anasubiri. Nisiporudi ananisukuma kwa kiwiko, ananivuta sikio, mara nyingine ananipiga mgongoni kwa kiganja. Nashtuka kama mtu aliyeopolewa mtoni, navuta hewa kwa kelele, naendelea na safari. Muda kidogo tena, kimya. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Mimi sikujua chochote. Asubuhi naamka kichwa kizito, koo kavu kama gunzi, halafu namuuliza yeye kwa nini ana macho mekundu.

Mchana sasa, nasinzia. Kanisani nasinzia kabla mchungaji hajafungua kitabu. Msibani nilikoroma mbele ya jeneza la jirani, mpaka mjane akaacha kulia akanitazama. Nikikaa tu, basi, nimekwenda.

Ngoja niseme kwanza nilivyokuwa, maana bila hilo hutaelewa. Elimu yangu ni darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, lakini barabara ya kutoka Iringa mpaka Tunduma naijua kona kwa kona, nimeiendesha lori tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nilibeba mchele wa Rujewa. Mchele wa kule ukiwa mpya, harufu yake inajaa kichwa cha lori mpaka unapata njaa hata kama umetoka kula. Na kula tulikula. Makambako kiti moto ya nguruwe na ndizi, Mafinga chips na mayai, soda mbili, kisha unakaa kwenye usukani siku nzima. Tumbo likaja taratibu na heshima ikaja pamoja nalo. Huku kwetu mwanaume akinenepa watu wanasema mke wake anajua kupika na mambo yake yamekaa. Mke wangu mwenyewe alisifiwa sokoni kwa ajili ya tumbo langu. Nilikuwa nikishuka kwenye lori, walinzi wananiita bosi, na mimi naitika.

Udereva niliuacha kwenye foleni ya mzani wa malori. Nilikuwa nasubiri zamu, mguu kwenye breki, nikasinzia. Mguu ukalegea, lori likasogea likaligusa la mbele. Hakuna aliyeumia, taa tu ilivunjika. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu dakika chache kabla ya pale nilikuwa nimeshuka mteremko mkali na sikumbuki nilivyoushuka. Nikafika, nikamkabidhi tajiri lori lake, nikaingia biashara ndogo ya kununua mpunga Rujewa, kuukoboa, na kuuza mchele hapa Mbalizi. Hata kule kwenye mashine ya kukoboa nilikuwa nalala juu ya magunia, kelele zote zile. Vijana wa pale wakasema siku hizi mashine ziko mbili, ila moja haitoi mchele.

Tulicheka hivyohivyo mpaka siku ile mke wangu aliposinzia jikoni. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, mchana kweupe, akaangukia sufuria la maharage. Mkono wa kushoto ukaungua kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole. Binti yetu akapanda basi kutoka Ipogolo. Binti yetu ni mtu wa maneno machache, amechukua kwa mama yake. Alimfunga mkono, akanawa, akakaa mbele yangu.

"Baba," akasema, "mama akikaa hapa mwaka mwingine, tutamzika yeye kabla yako."

Kesho yake wakaondoka, na lile neno la mlangoni nimeshakuambia.

Basi nikabaki na nyumba. Kwa mara ya kwanza nikalala bila mtu wa kunisukuma, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikaenda hospitali kubwa pale Mbeya mjini. Daktari alikuwa kijana mdogo, akaniamkia vizuri, kisha akanipandisha mzani. Nikamwambia, daktari, mimi nimepimwa mizani maisha yangu yote, lori likizidi tunashusha magunia. Akacheka, akasema basi mzee utaratibu unaujua, hata wewe tutakushusha.

Akanipa kidude cha kubana kidoleni na mkanda wa kifuani, nilale navyo nyumbani nirudishe. Niliporudisha hakucheka tena. Akanieleza kwamba mafuta hayakai tumboni peke yake, yanakaa shingoni, yanakaa hata kwenye ulimi. Mtu ukilala, nyama za koo zinalegea, na kama njia ni nyembamba inajifunga. Hewa haipiti, damu inakosa nguvu yake, moyo unapiga kengele, ubongo unakuamsha nusu, unavuta pumzi, unalala tena. Usiku kucha ni hivyo. Ndiyo maana mchana nimekufa. Akasema presha yangu nayo imepandia hukohuko. Nikafikiri, kumbe miaka yote ile kengele ilikuwa kiwiko cha mke wangu.

Nikapewa mashine ya kupuliza hewa. Unavaa kikombe cha plastiki puani, mikanda nyuma ya kichwa, na mpira mrefu kama wa mtungi wa gesi. Inasukuma hewa ili koo lisijifunge. Nisiseme uongo, siku zile za kwanza niliamka nikaona mlima wa Mbeya kama umeoshwa. Kichwa chepesi. Lakini umeme wa kwetu nao una usingizi wake. Ukikatika, kile kikombe kinageuka kifuniko, naamka natafuta hewa kwa mikono miwili. Umeme unapokatika mara kwa mara, mashine inakuwa pambo.

Nikarudi kwa daktari nikamwambia. Akasema mashine inashikilia njia iwe wazi, lakini mzigo bado upo juu ya njia. Tupunguze mzigo. Akataja mambo mawili. La kwanza kuna watu wanafanyiwa upasuaji, tumbo la chakula linapunguzwa, lakini ni safari ya mbali. Nikamwambia kisu hapana, mimi ni mzee, nifunguliwe kwa jambo la kukoroma? La pili ni sindano ya kila wiki, unajichoma mwenyewe kwenye ngozi ya tumbo, inaondoa hamu ya kula. Mwanangu wa kiume aliye Dar akasema hiyo ataihangaikia yeye.

Daktari hakunidanganya, hilo namsifu. Alisema, "Mzee, hii sindano si dawa ya koo. Ni dawa ya uzito. Uzito ukishuka koo linapata nafasi. Wapo wanaopona kabisa, wapo wanaopata nafuu tu na mashine wanabaki nayo. Na ukiiacha, mwili una kumbukumbu, unarudi." Akaniambia pia nitembee, nipunguze wali. Kumwambia mtu wa mchele apunguze wali.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu, na nilivyoharibu ni kwa namna ya huku kwetu.

Mwanaume ambaye mke wake hayupo, majirani hawamwachi. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa wakaanza kuniletea chakula. Leo huyu analeta ndizi zilizopikwa na nyama, kesho yule kande, keshokutwa ugali na samaki. Huwezi kukataa. Chakula cha jirani ukikikataa umemwambia ni mchawi au mikono yake michafu. Na sahani ya jirani hairudi tupu, hilo nimelelewa nalo. Kwa hiyo nilikuwa naziosha sahani zao vizuri, naweka mchele kidogo ndani, narudisha na ahsante. Wakafurahi. Wakaongeza chakula.

Lakini mimi nilikuwa sili. Ile sindano ilinifanya nikiona nyama nahisi kama nimeshakula tangu juzi. Wiki za mwanzo nilitapika, tumbo likafunga, nikawa natembea nimeshika ukuta. Vijiko vinne vitano, nimemaliza. Chakula chote kile nilikuwa nampa nguruwe wangu nyuma ya nyumba.

Na zaidi ya mwanangu wa Dar, niliyemkataza kusema, sikumwambia mtu habari ya sindano. Niliona aibu. Nilizaliwa miaka ambayo njaa ilikuwa mgeni wa kila mwaka, mama yangu alikuwa anatuchemshia majani. Leo nikasimame sokoni niseme najichoma sindano nisile? Wangeniona nimerukwa na akili.

Basi fikiria walichokiona wao. Mzee anakula. Sahani zinarudi zimeoshwa, nyeupe, na mchele ndani. Anakula vya watu watatu. Na anakonda. Shingo inabaki ngozi. Suruali anaifunga kwa kamba. Mtu anayekula hivyo na bado anakonda, huku kwetu ana majina mawili tu: amelogwa, au anao, yaani Ukimwi.

Jumapili moja mchana wakaja nyumbani, jumuiya nzima, wamevaa vitenge vyao. Nikadhani ni zamu yangu ya sala nimesahau. Wakaimba, wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea. Mzee mmoja wa kanisa, tuliyekua naye, alinivuta pembeni kwenye migomba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi vidonge vipo, watu wanaishi mpaka wanasahau, kikubwa nisiogope kwenda kupima. Nikamjibu ahsante. Ningesema nini? Nilishapimwa kila kitu hospitali na sikuwa na kitu, lakini ukikana neno hilo huku watu wanatikisa kichwa kwa huruma, wanazidi kuamini. Nikawapikia chai, wakanywa, wakaondoka wakiwa na huzuni.

Maneno yakasafiri. Barabara hii inabeba maneno kuliko viazi. Hazikupita wiki mbili binti yangu akapiga simu kutoka Ipogolo. Hakunisalimia kwa kirefu. Akasema huku wamesikia kwamba mimi mgonjwa, na kwamba kuna wanawake wanapishana mlangoni kwangu na sahani. Akasema mjomba wake anataka mama apelekwe kupimwa. Nikauliza mama yako anasemaje. Akasema, "Mama hasemi kitu. Mfuko alikuwa ameshaanza kuufunga arudi huko, sasa ameufungua."

Nilikaa na ile simu mkononi, hata baada ya kukatika. Kumbe alikuwa ameanza kuufunga.

Siku hiyohiyo, kama vile haikutosha, jirani yangu wa ukuta wa pili, mama mmoja mnene mwenye kicheko, ndiye kiongozi wa zile sahani, alizunguka nyuma ya nyumba kunitafuta. Akanikuta nimeinama kwenye banda, namwagia nguruwe ndizi zake. Bado zilikuwa na mvuke. Yule nguruwe alikuwa amenawiri, hajafugwa nguruwe kama yule Mbalizi.

Akasimama. Akamtazama nguruwe, akanitazama mimi.

"Tata," akasema, yaani baba, "kumbe mlaji wa kwako ni huyu. Mimi nimekuwa napikia huyu."

Hapo ikabidi niseme yote, koo, mashine, sindano, mke. Alisikiliza ameshika kiuno. Nilidhani atakasirika. Akakaa juu ya ndoo akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge, akasema, mzee mzima unajichoma ukonde, si ungeniambia nikupikie mboga za majani tu, mimi ndizi zangu ningeuza. Halafu akaacha kucheka akasema nimewaliza wanawake wa watu bure, na kwamba mwenye haki ya kujua wa kwanza yuko Iringa, si yeye. Kusambaza ukweli alisaidia, lakini ukweli unatembea kwa miguu. Uongo ulishapanda basi.

Nikapitia kwa daktari kwanza. Akanipa tena kile kidude, nikalala nacho, nikarudisha. Nilikuwa nimeshuka sana, mkanda wangu wa zamani ulinizunguka karibu mara mbili. Nilitegemea aniambie niirudishe mashine, nimepona. Akasema hapana. Akasema kule kukatika kwa pumzi kumepungua sana, kutoka kubaya kabisa mpaka kudogo, presha imeshuka, lakini hakujaisha. Koo langu lina umbile lake, na uzee nao unalegeza. Akasema mashine niendelee nayo kwanza, nilale kwa ubavu, tutapima tena. Nilijisikia kama mtu aliyepanda mlima akaambiwa hiki ni kichuguu, mlima uko mbele. Miezi yote ile ya kichefuchefu. Nikaweka mashine kwenye mfuko, nikapanda basi.

Ipogolo ni joto kwa mtu wa Mbalizi. Nilishuka nimebeba koti. Pale kwa binti yangu, barazani, nikamkuta shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekaa kwenye kiti kama hakimu. Wahehe na sisi tunataniana, kwa hiyo sikutegemea huruma.

"Kamwene, shemeji," akasema. "Umekuja mwenyewe au umetuma mifupa itangulie?"

Nikamjibu mifupa ndiyo ilikuwa na nauli. Hakucheka sana. Akaniuliza habari ya ugonjwa, habari ya wanawake. Nikaeleza. Nikaeleza mpaka habari ya nguruwe. Aliposikia ya nguruwe akageuza uso upande, mabega yakawa yanatikisika, lakini akarudi akasema sindano ya kukondesha ni mambo ya watu wa Dar, nani ataamini. Mke wangu wakati wote huo alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wake wenye kovu juu ya goti. Alikuwa amenenepa kidogo. Macho yake yalikuwa meupe. Nilikuwa nimesahau kwamba yana weupe.

Nikamwambia nimepima damu, sina kitu, daktari anaweza kumpigia simu.

"Sikuuliza hilo," akasema. "Unapumua?"

Nikamwambia daktari amesema imepungua sana, haijaisha.

"Daktari hajalala na wewe. Lala hapa, nisikie."

Binti akaleta chakula, nikala kidogo, shemeji akavitazama vile vijiko vyangu na nadhani hapo ndipo alipoanza kuamini. Kisha binti akatandika godoro sebuleni. Nikataka kutoa mashine. Mke wangu akasema iache kwenye mfuko. Ilikuwa saa nane mchana, mabasi yanapiga honi barabarani, jua limejaa dirishani. Akavuta kiti cha plastiki akakaa karibu na kichwa changu, kama zamani, ila sasa kwenye mwanga. Niliogopa kuliko kwenye foleni ya mzani. Nilijua nikikata pumzi vibaya atanyanyuka, hatasema kitu, na mimi nitarudi Mbalizi kuishi na nguruwe. Nikageukia ubavu. Nilidhani sitapata usingizi kwa hofu, lakini mwili wangu haujawahi kuninyima hilo.

Nilipoamka jua lilikuwa limehama ukuta. Yeye alikuwa palepale.

"Nimekata?" nikamuuliza.

"Umekata." Akaupapasa mkono wake wenye kovu. "Lakini unarudi mwenyewe. Zamani nilikuwa nakurudisha mimi."

Nikamuuliza sasa inakuwaje. Akasema atarudi mvua zikianza, tupande viazi. Akasema atalala chumba cha pili, mlango wazi, na mashine nitaivaa umeme ukiwepo, na umeme usipokuwepo nitalala ubavu, yeye hatanyanyuka tena kunisukuma, mkono wake hauna nguvu hiyo tena. Nikasema sawa. Nikamwambia pia kwamba sindano ikikoma uzito unaweza kurudi, asije akasema sikumwambia. Akasema, "Uzito ukirudi, na mimi nitarudi huku. Njia naijua."

Nikainuka kutafuta viatu, basi la mwisho la Mbeya lilikuwa linakaribia. Nilipogeuka kuaga nikamkuta amelala palepale kwenye kiti, shingo imeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, anapumua taratibu. Mimi niko chumba kimoja naye, na yeye amelala. Shemeji akachungulia, akataka kumwamsha aniage. Nikamwonyesha kwa mkono amwache. Nikavua kiatu nilichokuwa nimeshavaa, nikakaa chini, kwenye godoro. Honi ikalia kule barabarani, na basi likapita.